Siku moja maishani mwangu: mikono ya dereva boda, Kigoma

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya mswaki nakunja na kukunjua vidole. Cha mwisho na cha pete, mkono wa kulia, huamka vimekufa ganzi. Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia kuna mshipa wa fahamu unapita chini ya kiganja upande huo, na mimi naukandamiza kwenye usukani kutwa nzima. Mimi nilidhani baridi yabisi, nimemaliza vikopo vitatu vya dawa ya kuchua.

Kumi na mbili niko kijiweni Mwanga. Wanafunzi wawili, mwalimu mmoja, abiria wa stesheni. Mteremko ule wa kwenda stesheni, uzito wangu na wa abiria wote unalala viganjani.

Saa tatu, Kibirizi, nikampata mama wa dagaa.

"Mwakeye mwanangu," akanisalimu kwa Kiha. "Ujiji elfu tatu."

Nikasema nne, tukakutana kwenye tatu na mia tano. Hakuniambia kwamba anapita kudai madeni. Tulipofika Mwanga: "Usizime, natoka sasa hivi." Robo saa. Nyumba ya pili katoto kakatoka kusema mama hayupo, na sote tukamsikia mama huyo ndani akikanong'oneza, "Sema kaenda Kasulu." Ya tatu iko ndani ndani, njia ya vumbi yenye vituta vidogo vidogo, usukani unatetemeka mpaka meno. Ya nne nikaacha kuhesabu. Kila kusimama klachi, kila kuondoka klachi, na waya wenyewe umekauka, nauminya kama nakamua blanketi. Gripu nazo zimekwisha, ngumu na zinateleza, kwa hiyo unazikaba zaidi.

Ujiji tumeingia inakaribia saa sita. Nikamwomba aongeze kidogo.

"Si umekaa tu, mwanangu? Pikipiki ndiyo imefanya kazi."

Ningemjibu nini, mtu wa umri wa mama yangu? Nikanyamaza. Akaongeza jero na dagaa kwenye kimfuko, akakifunga fundo.

Nikaenda kwa fundi, chini ya mwembe. Injini hakuigusa. Akaniambia nikae kama naendesha, akatazama mikono. "Kiwiko chako sawa, kifundo kimepinda. Nani alikuwekea klachi juu hivi?" Akalegeza nati, akashusha mkono wa klachi na wa breki mpaka kifundo kikanyooka. Akatia oili kwenye waya, akaviringisha vipande vya tyubu kuukuu juu ya gripu ziwe nene. Elfu mbili. "Na usishike kama unanyang'anywa!"

Miaka minne naendesha, hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Ujiji, mjini, Gungu, mjini tena, jua kali, mlevi mmoja aliyetaka kulipa kesho. Klachi ilikuwa laini mpaka mara mbili nikazima pikipiki kwa kuizoea ile ngumu, wenzangu wakacheka. Giza linaingia ndipo ikatimia elfu nane ya hesabu ya bosi, yangu ikabaki elfu tano na ushee.

Nyumbani kiganja hakikuwaka kama jana. Vidole viwili bado. Nikahangaika na fundo la kile kimfuko cha dagaa, likanishinda, nikampa mke wangu akalifungua.