Nilivyoongoza uchaguzi wa programu ya kufuatilia waombaji kazi

Kilichotusukuma kutafuta programu ni simu. Watu waliokwisha kufanya usaili walikuwa wakipiga kuuliza wamefikia wapi, na aliyepokea hakuwa na la kuwaambia. Jibu lilikuwa kwenye barua pepe ya mwenzake, au kwenye faili la Excel ambalo kila mmoja wetu alikuwa na nakala yake. Mtu ameacha shughuli zake, amekaa mbele ya jopo zima akajibu maswali, halafu unamwambia "tutakujulisha" kwa sababu kweli hujui. Hilo lilinikera kuliko wingi wa wasifu uliokuwa umejaa kwenye kikasha. Kwa hiyo nilipopewa jukumu la kuongoza uchaguzi huu, nilikuwa tayari najua ninachotaka: mahali pamoja ambapo yeyote katika timu ataona mwombaji yuko hatua gani, anasubiri jibu la nani, na tangu lini.

Programu ziko nyingi. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hii tu, kama Greenhouse, Lever na Workable. Ipo mifumo mikubwa ya rasilimali watu ambayo ndani yake ajira ni sehemu mojawapo, kama Workday, au ule wa Oracle, kampuni iliyoinunua Taleo mwaka 2012. Ipo pia OpenCATS, ya msimbo huria, ambayo unaiweka kwenye seva yako na kuihudumia mwenyewe. Nilisoma orodha kadhaa za "programu bora" nikaziacha. Timu inayojaza nafasi nyingi zinazofanana kwa mkupuo haina shida sawa na timu inayomtafuta mtaalamu mmoja adimu kwa miezi, na orodha hizo hazikuulizi wewe ni yupi.

Tulichofanya kwanza ni kuchora kwenye karatasi safari ya nafasi moja, kuanzia kibali cha kuajiri mpaka barua ya ajira kusainiwa, na kila hatua tukaandika faili liko mikononi mwa nani. Mchoro ulionyesha jambo ambalo sote tulikuwa tukilinung'unikia bila kulitazama sawasawa. Muda mrefu ulikuwa unapotelea kwa mameneja wa idara, kwenye kupitia wasifu tuliowatumia na kutoa alama baada ya usaili. Hapo vigezo vyangu vilibadilika. Sisi maofisa ajira tutaizoea programu yoyote, maana tutashinda nayo. Meneja ataiingia mara chache, kila mara akiwa amesahau nenosiri. Mwombaji ataiingia mara moja tu, kwa haraka, akiwa na simu mkononi. Hao wawili hawamo katika timu yetu, lakini wao wakiikimbia hakuna kitakachobaki. Basi nikaamua kwamba ndio watakaonichagulia.

Wauzaji hupenda kukuonyesha programu wakitumia waombaji wao wa mfano, ambao wasifu zao ni safi na majina hayajirudii. Nilisikiliza, nikashukuru, kisha nikaomba akaunti ya majaribio ili tuweke kazi yetu wenyewe. Tulichukua nafasi iliyokwisha kujazwa, tukafuta majina, simu na anwani za waombaji (si haki kumwaga taarifa za watu kwenye mfumo ambao hujaingia nao mkataba), tukaipitisha upya. Uzuri wa nafasi iliyofungwa ni kwamba unajua ilivyoishia. Unajua nani alifika mwisho, kwa hiyo ukimtafuta na programu isimwone, unapata swali la kumuuliza muuzaji.

Na kweli kuna walioshindwa kuonekana. Programu hizi husoma wasifu na kuumega vipande: jina, elimu, waajiri, ujuzi. Wasifu wa safu mbili ulikuwa taabu kubwa. Msomaji wa programu alivuka kutoka safu ya kushoto kwenda ya kulia kwenye mstari uleule, na mwaka wa kumaliza shule ukawa mwaka wa kuanza kazi. Wasifu uliopigwa skani ulirudi mtupu. Mwingine alikuwa ameweka mawasiliano yake kwenye kichwa cha ukurasa, na hayakuchukuliwa kabisa.

Nasisitiza hapa kwa sababu waombaji wengi wanaamini kuna mashine inayotupa wasifu wao peke yake. Katika programu tulizozijaribu, kilichomwondoa mtu moja kwa moja ni maswali ya mchujo ambayo mwajiri ameyaweka mwenyewe, mfano kama una leseni fulani au huna. Aliyebaki aliweza kupotea kwa njia ya kimyakimya zaidi: hakukataliwa, ila utafutaji haukumfikia kwa kuwa vipande vyake vilimegwa vibaya. Tukaweka sharti kwamba wasifu halisi uonekane kwenye skrini ileile pamoja na vipande vyake, na kwamba afisa aweze kusahihisha hapohapo.

Kwa upande wa mwombaji sikumtuma mtu. Nilichukua simu yangu, nikazima mtandao wa ofisini, nikaomba kazi katika kila programu iliyobaki. Moja ilinitaka nifungue akaunti, nithibitishe barua pepe, nipakie wasifu, kisha niandike upya kila kilichomo kwenye wasifu huohuo, mwajiri baada ya mwajiri, tarehe baada ya tarehe, kwa kidole gumba. Ilikuwa na ripoti nzuri kuliko zote. Niliiondoa siku hiyohiyo. Mtu mwenye kazi tayari, ambaye mara nyingi ndiye unayemtaka, hatavumilia fomu ile.

Kwa mameneja nilimwomba mmoja anayependa teknolojia na mwingine ambaye kila mfumo mpya kwake ni mzigo. Sikuwapa mafunzo. Niliwatumia mwombaji kupitia programu na kusubiri. Kwenye programu moja meneja alipata barua pepe, akabofya, akafika kwenye ukurasa wa kuingia, kisha kwenye dashibodi yenye menyu upande wa kushoto, na akanipigia kuniuliza mwombaji mwenyewe yuko wapi. Kwenye nyingine barua pepe ilimfungulia wasifu na fomu ya alama kwa mbofyo mmoja. Yule asiyependa mifumo hakubofya hata hicho. Alijibu tu ile barua pepe kwa mistari miwili, na jibu lake likaingia lenyewe kwenye kumbukumbu za mwombaji, likiwa na jina lake na saa. Nilipoliona hilo niliwaita wenzangu waje kutazama.

Tuliangalia pia fomu ya alama inavyofanya kazi. Tulitaka msaili asione alama za wenzake mpaka awe ametuma zake. Bila hivyo, mkubwa akishaweka tatu kati ya tano, wote wanaelea kwenye tatu. Utafiti wa miaka mingi katika saikolojia ya kazi unaonyesha kwamba usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mtu, na vigezo vya alama vilivyoandikwa kabla, hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huru. Programu inaweza kulisaidia hilo au kulivuruga.

Suala la akili mnemba lilituchukulia mikutano. Baadhi ya wauzaji wanatoa alama ya jinsi mwombaji "anavyofaa". Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon waliachana na chombo chao cha kupanga wasifu baada ya kugundua kinawashusha wanawake, kwa kuwa kilijifunza kutoka kwa wasifu za zamani ambazo nyingi zilikuwa za wanaume. Jiji la New York lilianza mwaka 2023 kusimamia sheria inayotaka vyombo vya aina hii vikaguliwe kama vina upendeleo, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu akili mnemba inaiweka mifumo ya kuchuja waombaji katika kundi la hatari kubwa. Nilimuuliza kila muuzaji alama inatokana na nini, nani ameikagua, na kama tunaweza kuizima. Mmoja alijibu kwamba hiyo ni siri ya kibiashara. Mwombaji akiniuliza kwa nini hakuchaguliwa siwezi kumpa jibu la namna hiyo, kwa hiyo tulichukua programu ambayo kipengele hicho huzimwa, na tukakizima.

Bei sitaingia kwa undani, ila chunguza inahesabiwaje. Wengine wanahesabu watumiaji, wengine idadi ya wafanyakazi wa kampuni nzima, wengine nafasi zilizo wazi. Penye hesabu ya watumiaji, uliza kama meneja anayetoa alama tu anahesabiwa, maana hao ni wengi kuliko timu ya ajira.

Kabla ya kusaini niliomba kuonyeshwa namna ya kuondoka. Tulijaza waombaji wa majaribio, tukaomba data yote irudi kwetu. Kwa muuzaji mmoja ilirudi jedwali lenye majina na hatua, na folda ya wasifu ambazo mafaili yake yameitwa kwa namba ndefu zisizolingana na chochote kwenye jedwali. Maoni ya wasaili hayakuwepo kabisa. Tuliyemchagua alirudisha vyote vikiwa vimeunganishwa, na tukaandika kwenye mkataba kwamba itabaki hivyo. Humo tukaweka pia muda wa kufuta taarifa za wasioajiriwa. Sheria za taarifa binafsi, kama GDPR ya Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018, haziruhusu kutunza wasifu wa mtu bila ukomo, na ufutaji ukiachiwa mikono haufanyiki.

Kuhama tulifanya kwa idara moja kwanza. Nafasi zilizokuwa zimeshafunguliwa tuliziacha zimalizikie kwenye Excel, mpya zikaanzia kwenye programu. Kazi iliyotuchosha zaidi ilikuwa kukubaliana orodha ya sababu za kumkataa mwombaji. Kila mtu alikuwa na zake, na "hafai" ilikuwa inatumika kwa kila kitu. Tuliifuta, tukabaki na sababu chache ambazo mtu anaweza kuzitetea mbele ya mwombaji. Ripoti za mwanzo zimeonyesha kwamba sasa mameneja wanajibu upesi, na kinachochelewesha ni kupanga saa ya usaili, hasa jopo likiwa na watu wa idara tofauti. Kalenda zao ndizo tunazoziunganisha kwa sasa.