Meza ya mninga iliyofunikwa rangi

Mwaka jana, Februari, familia moja iliyokuwa inahama Ilala iliniuzia meza ya kulia na viti 4 kwa shilingi 180,000. Vyote vilikuwa vimepakwa rangi ya mafuta ya krimu, inabanduka. Nilivinunua kwa sababu ya uzito tu: meza ile ilitutaka watu watatu kuinyanyua.

Msasa na vanishi nilishanunua. Mzee mmoja seremala wa mtaani kwetu, aliyekuja kutusaidia kuingiza meza ndani, akakalia kiti kimoja, akajitikisa. Kikatoa mlio. "Mwanangu, mambo ya rangi baadaye. Anza na viungo."

Alisema kweli. Mwenye viti wa zamani, kila kilipolegea alikuwa anapigilia msumari ubavuni, na misumari ilikuwa imepasua ndimi mbili zinazoingia kwenye matundu ya miguu. Nikaing'oa kwa koleo, nikavibomoa viti vyote, nikakwangua gundi ya zamani kwa patasi hadi mbao ikaonekana, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokufa. Jiriwa, kifaa cha kubania viungo wakati gundi inakauka, sikuwa nayo. Mzee akanionyesha kukata mpira wa ndani wa baiskeli uwe utepe mrefu, nikauzungusha kwenye miguu huku nikiuvuta. Unabana kwelikweli! Nikaviacha siku nzima juu ya sakafu iliyonyooka. Vikikauka vimepinda, vitachechemea siku zote.

Kazi iliyonichosha ni kutoa rangi. Nilipaka dawa ya kutolea rangi, nikakwangua, kisha msasa namba 80, 120, halafu 240, kila mara kufuata nyuzi za mbao. Pembeni mwa meza nilisugua kwa kukata nyuzi, na mikwaruzo ile ilionekana vizuri zaidi baada ya vanishi. Mpaka leo ipo.

Siku ya tatu nikapangusa kona moja kwa kitambaa chenye maji. Ikatoka kahawia yenye wekundu, na mistari ya rangi ya asali ikipita katikati. Mninga! Nikaita watu wa nyumbani waje waone. Inaniuma hadi sasa kwamba mtu aliufunika kwa krimu. Ila vaeni barakoa, vumbi lake linawasha pua na kifua.

Hadi nafika kwenye siila, ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi, masika yalikuwa yameingia. Nilipaka mchana mvua ikinyesha, na baada ya muda mfupi uso wa meza ukafanya ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Unyevu wa hewa ulikuwa umenaswa ndani. Nilitaka kupaka mkono mwingine, yaani tabaka lingine, juu yake, mzee akanizuia. Tukasubiri siku ya jua kali, akapitisha haraka kitambaa chenye tina kidogo, kile kiyeyusho cha rangi, ukungu ukayeyuka. Baada ya hapo nilipaka vanishi mikono mitatu, nikipitisha msasa mwembamba katikati ya kila mkono, na sikugusa brashi siku yenye mawingu.

Viti nikavitia sponji ya inchi 2 na kitambaa cha kijani.

Jumapili iliyofuata tulimwalika mzee kwa wali na samaki wa nazi. Alichagua kiti kilekile, akajitikisa mara mbili. Hakikulia. Akavuta sahani.