Nilivyoozesha Tangawizi Misimu Miwili Kabla ya Kuvuna

Nilistaafu kazi ya kutunza hesabu nikiwa na imani moja ambayo sasa inanichekesha, kwamba mtu aliyesawazisha vitabu vya bohari nzima kwa zaidi ya miaka ishirini hawezi kushindwa na mmea. Uani kwetu hapa Chumbageni, Tanga, pana kivuli cha mwembe ambapo mchicha hukataa kabisa na bamia hurefuka bila kuzaa, nami nilikuwa nimesikia kwamba tangawizi huvumilia kivuli. Hilo ndilo jambo pekee la kweli nililoambiwa mwanzoni. Mengine yote niliyoshauriwa barazani, tena na watu waliozungumza kwa uhakika wa kutisha, yalikuwa ya kuniozeshea mbegu.

Mara ya kwanza nilikwenda Soko la Ngamiani mwezi wa tatu, masika yakiwa yanakaribia, nikachagua tangawizi nono kuliko zote, zilizooshwa hadi zikang'aa. Jirani yangu mmoja, ambaye nilikuja kugundua baadaye kwamba hajawahi kupanda hata kitunguu, alinishauri niziloweke usiku kucha ili ziamke, nizifukie shubiri nzima chini ya ardhi, kisha nimwagilie asubuhi na jioni bila kukosa. Nilitii kama mwanafunzi wa chuoni. Kila nilipotoka kuswali alfajiri nilipitia uani kutazama kama kuna kilichochomoza, na wiki ya tatu uvumilivu ukanishinda, nikafukua. Harufu iliyotoka sitaieleza. Mke wangu hakusema neno. Alinyanyua kiti chake tu akakisogeza upande wa pili wa ua.

Leo najua kwamba tunguu la tangawizi lililo zima kabisa linaweza kukaa mwezi mzima au zaidi kabla ya kuonyesha ncha, kwamba lafaa kufukiwa kina cha sentimita tano hivi tu, na kwamba kabla halijatoa mizizi halina kinywa cha kunywea maji yote yale. Tangawizi iliyosuguliwa kwa ajili ya meza ya muuzaji mara nyingi macho yake ya kuchipulia yamekwisha kukwanguliwa, na ikiwa ilivunwa changa haina nguvu ya kuchipua. Ni nzuri kwa chai. Nilikuwa nimenunua kiungo, si mbegu.

Msimu wa pili uliniumiza zaidi kwa sababu ulianza vizuri. Mbegu zilichipua, majani membamba yanayofanana na ya mianzi michanga yakafika magotini, nami nikaanza kukaribisha wageni uani bila sababu ya maana. Mwezi wa tano mvua ikapiga siku kadhaa mfululizo. Majani ya chini yalianza kulegea na kujikunja yangali ya kijani, kisha yakageuka manjano, na shina nililolivuta kwa vidole viwili likang'oka kama unyasi kwenye tope. Nilikimbilia duka la pembejeo, na muuzaji, bila kuuliza swali hata moja, akanipa dawa ya ukungu. Nilinyunyiza, haikusaidia, nikarudi, akanipa nyingine iliyokuwa ghali zaidi. Sikuandika gharama hizo popote, jambo ambalo kwa mtu wa hesabu ni aibu, lakini fedha zile zingetosha kutununulia tangawizi ya jikoni kwa mwaka mzima.

Aliyenifungua macho ni bwana shamba mmoja mstaafu aliyekuja kunywa kahawa, akautazama mkasa wangu, kisha akaomba glasi ya maji safi. Nilidhani ana kiu. Alikata shina moja lililoanza kunyauka, karibu kabisa na ardhi, akalishika wima ncha yake ikiwa imezama kidogo majini, akaniambia nisiitikise meza. Tulikaa kimya wazee wawili tukiikodolea macho glasi. Baada ya dakika chache, kwenye ule mkato ulianza kushuka uzi mweupe mwembamba, kama moshi wa udi unaoteremka badala ya kupanda, na baada yake ukashuka mwingine. Akasema huo ni mnyauko wa bakteria, na kwamba kumpa mmea huo dawa ya ukungu ni sawa na kumpa dawa ya malaria mtu aliyevunjika mguu. Kisha akauliza tuta hilo mwaka uliopita lilikuwa na nini. Lilikuwa na nyanya, tena zilizokufa kwa kunyauka, na mimi kwa akili zangu niliona nitumie samadi iliyobaki pale isipotee. Vimelea hivyo hukaa udongoni kwa muda mrefu, vikasafiri na maji, jembe na hata viatu. Tuling'oa yote tukachoma, na tuta lile hadi leo ni la mahindi tu.

Kwa hiyo msimu wa tatu niliihama ardhi yenyewe. Nilichukua viroba sita vya mchele wa kilo ishirini na tano, nikavitoboa chini na ubavuni, nikavipanga juu ya matofali ili maji yasituame, kisha nikavikunja midomo hadi nusu ili niweze kuvikunjua na kuongeza udongo kadiri tangawizi inavyopanda. Udongo nilichota kwenye shamba la minazi la shemeji yangu mahali ambapo nyanya haijawahi kukanyaga, nikauchanganya na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza pamoja na pumba za mpunga.

Mbegu nilipata kwa mama mmoja aliyeteremka kutoka milima ya Amani, huko Muheza, akiwa na iliki, pilipili manga na kikapu cha tangawizi mbaya kwa sura kuliko zote nilizowahi kuona: zilikuwa na vumbi, zimesinyaa, na macho yake yalikuwa yamevimba kama chunusi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamwuliza kama anazo nzuri zaidi. Alinitazama kwa huruma. "Hizi si za chai, mwanangu. Hizi zilikaa chini mpaka majani yakafa yenyewe." Alinielekeza nizivunje vipande vyenye macho mawili au matatu, nipake jivu kwenye jeraha, niviache kivulini siku tatu vikauke majeraha. Bei hakupunguza hata shilingi.

Sasa niruhusiwe kujisifu kidogo, kwa sababu hatua iliyofuata niliibuni mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kujijua kwamba ugonjwa wangu mkubwa ni kufukua. Nikaamua kwamba mbegu zitachipulia mahali ambapo naweza kuzichungulia bila kuzidhuru: kwenye kikapu cha ukili nilichojaza nyuzi za makumbi ya nazi zilizoloweshwa kisha zikakamuliwa sana, hadi ukizifinya mkononi lisitoke hata tone. Kikapu nilikiweka juu ya jokofu, upande wa nyuma panapotoka joto, mke wangu akalalamika kwa wiki moja, halafu akazoea. Kila asubuhi nilinyanyua makumbi, nikahesabu, nikafunika. Kati ya vipande ishirini na sita, kumi na tisa vilitoa ncha za manjano zenye wekundu kidogo ndani ya wiki tano, na vile saba vilivyolegea nilivitupa kabla havijakalia kiroba cha mtu. Vitatu vitatu viliingia virobani, na kile cha kumi na tisa kikapata ndoo iliyovuja ambayo kwa miaka miwili nilikuwa nimekatazwa kuitupa.

Baada ya hapo kazi yangu kubwa ilikuwa kujizuia. Nilichomeka kidole udongoni, na kikitoka na unyevu sikumwagilia, hata jirani aseme nini kutoka ng'ambo ya ukuta. Juu niliweka matandazo ya majani makavu. Mwezi wa sita tangu kupanda nilianza kuiba: unapenyeza kidole pembeni mwa kiroba, unavunja kipande kimoja kichanga ambacho ngozi yake ni nyembamba kama ya kitunguu na hakina nyuzi kabisa, unafukia, na mmea wala haujui. Ilipofika Januari majani yalianguka yenyewe, nikapasua viroba kwa kisu mbele ya wajukuu. Kutoka kilo moja na kidogo ya mbegu nilipata kilo kumi na moja, na ile ndoo iliyovuja ilizaa kuliko kiroba chochote.

Kusherehekea, niliamua kupika chai ya maziwa mwenyewe, mkwe akiwa safarini kuja. Nilitwanga tangawizi mbichi nyingi, nikaimimina kwenye maziwa mabichi niliyokuwa nimeyapasha moto kidogo tu, nikafunika ili ladha iingie. Nilipofunua nilikuta mtindi. Nilikwenda moja kwa moja kwa muuza maziwa, nikamwambia mbele ya wateja wake maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuyasema, kumbe kijana wa watu hana hatia. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, na kwenye maziwa ya vuguvugu hugandisha. Moto mkali hukiua. Ndiyo maana mke wangu, ambaye hakuwahi kusikia neno kimeng'enya, siku zote huchemsha tangawizi kwenye maji pamoja na majani ya chai kwanza, kwa dakika kumi hivi, ndipo hutia maziwa. Nilimwomba radhi yule kijana, na hadi sasa hununua kwake nusu lita nisiyoihitaji.

Kimeng'enya hichohicho ndicho kinacholainisha mishkaki, ila hapo pia nilizidisha. Saa moja au mbili za kulowekwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu zinatosha. Mimi niliongeza papai bichi nikalaza nyama hadi asubuhi, na nilipoichoma ikateleza kutoka kwenye vijiti ikaingia kwenye makaa kama uji. Tangawizi zilizobaki nilikata vipande vyembamba, nikaanika juani juu ya ungo, nikasaga. Jihadhari na unga huo. Tangawizi ikikaushwa, ile jinjeroli inayoipa ukali ikiwa mbichi hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, na wageni wangu wa kwanza waliokunywa kahawa yake walilia machozi ya kweli.

Kuhusu afya nitasema machache, kwa sababu barazani kwetu yamesemwa mengi mno. Binti yangu alipokuwa na mimba changa na kichefuchefu kikimtesa, muuguzi wa kliniki alimruhusu tangawizi kwa kiasi kidogo kwenye maji ya moto, na ilimpa nafuu. Kwa kichefuchefu cha namna hiyo imechunguzwa na kuonekana kusaidia. Mafua haiyaondoi, lakini koo hutulia na mtu hujisikia mwenye bahati. Mimi mwenyewe nikiinywa tumbo likiwa tupu hupata kiungulia kinachonikesha. Lililonikera ni mzee mwenzangu aliyeshauriwa aache vidonge vya presha akinywa kikombe cha tangawizi asubuhi na jioni. Nilimsindikiza mwenyewe hospitalini, daktari akamrudishia vidonge vyake, tena akamuuliza kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana anayezitumia hapaswi kujizidishia tangawizi bila kumwambia daktari wake.

Msimu huu jirani yangu yule wa kwanza alikuja kuniomba mbegu. Nilimpa vipande vitatu vyenye macho mazuri, nikamweleza jivu, siku tatu, makumbi na kidole, naye akaitikia kila neno kwa kichwa. Asubuhi yake nilipotoka kuswali nilichungulia juu ya ukuta. Vilikuwa ndani ya beseni, vimejaziwa maji hadi juu, vinaamshwa.