Katoni nyuma ya mlango na hesabu ya mgombea mwenza

Nyuma ya mlango wa duka letu, hapa Biashara Street, Mombasa, kuna kipande cha katoni ambacho sikubali kitupwe. Kilitoka kwenye boksi la leso. Mjomba alikikata kwa kisu mwanzoni mwa Mei 2022, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa rais wa Kenya, akakiegemeza ukutani, akaanza kukiandikia kwa chaki ya fundi cherehani, ile bapa ya buluu. Kushoto aliandika Raila, kulia Ruto, na chini ya kila jina wale waliokuwa wakitajwa kuwa wagombea wenza. Mbele ya kila mmoja aliweka tarakimu aliyoikokotoa kichwani: huyu ataleta kura ngapi ambazo mgombea mwenyewe hana?

Kwa wiki mbili nzima biashara yetu ilikwenda hivyo. Mteja akiingia kutafuta leso ya arusi, kabla hajauliza bei, jicho lishamtua kwenye katoni. "Kalonzo mbona mmempa chache?" Mjomba anajibu, mwingine anadakia kutoka mlangoni, muuza kahawa naye anatua dele lake chini. Nimeuza sana mwezi ule, kwa sababu watu walikuwa hawatoki.

Upande wa Raila kulikuwa na jina lililotugusa sisi zaidi, la Hassan Joho. Alikuwa anamaliza muhula wake wa pili wa ugavana hapa Mombasa, na jina lake lilikuwa miongoni mwa yaliyofika mbele ya lile jopo la Azimio, muungano wa Raila, lililoongozwa na Noah Wekesa. Wasio wa Pwani huenda wasielewe kwa nini hilo lilitushika koo. Tangu Jaramogi Oginga Odinga awe makamu wa rais mwaka 1964, wamepita kina Murumbi, Moi, Kibaki, Karanja, Saitoti, Mudavadi, Wamalwa, Awori, Kalonzo, kisha Ruto akawa naibu wa rais wa kwanza chini ya katiba mpya. Zitazame tena hizo nyayo, hakuna hata moja iliyotoka huku baharini. Marehemu babangu alizaliwa na kufa akihesabu orodha hiyo.

Mjomba, pamoja na mapenzi yake yote, alimpa Joho tarakimu ndogo. Nilimwuliza mbona anamdhulumu mtu wa kwao. Akanijibu huku akipangusa chaki vidoleni: "Mwanangu, mgombea hatafuti mtu wa kumletea kilicho kibindoni tayari. Pwani ishampa Raila 2013, ikampa 2017. Atatulipa ya nini?" Niliondoka nikapange doti kwenye rafu, kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu iliniuma.

Jumapili, tarehe 15 Mei, ilikuwa zamu ya Ruto, kule kwake Karen, Nairobi. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba wabunge wengi wa Mlima, yaani eneo la Mlima Kenya, waliokuwa na Ruto walimtaka Profesa Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi. Kwenye katoni Kindiki alikuwa juu. Tukangoja na kungoja mbele ya televisheni ya jirani, na jina lililotoka lilikuwa la Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira aliyekuwa bado katika muhula wake wa kwanza. Mjomba alinyamaza, kisha akasema kwamba Ruto amechagua mtu wa kupiga kelele sokoni, si mtu wa kukaa ofisini, na kwamba kwa kampeni ile huenda yuko sawa. Muda mfupi baadaye Kindiki akatangaza kwamba anajiweka kando na siasa.

Kesho yake, Jumatatu, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutaja wagombea wenza iliyowekwa na tume ya uchaguzi. Nakumbuka nilikuwa nimeshika mkasi. Mteja wangu, mama mmoja wa makamo, alikuwa amenunua doti na akataka nimkatie palepale ili akapinde nyumbani. Mkasi ulikuwa katikati ya pindo mbili redio iliposema, kutoka ukumbi wa KICC Nairobi, kwamba mwenza wa Raila ni Martha Karua. Yule mama alipiga kigelegele. Alinikumbatia na mkasi wangu mkononi, akawa anasema tu, "Mwanamke! Mwanamke!" Nami nikacheka naye, na furaha ile ilikuwa ya kweli, maana nimelea mabinti wawili na nilijua ni nini wameona siku ile. Lakini nilipogeuka nilimwona mjomba amesimama mbele ya katoni, analifuta jina la Joho kwa kiganja. Hakulifuta lote. Herufi mbili za mwisho bado zinaonekana hadi leo.

Raila alitangaza pia siku hiyo kwamba Joho atakuwa waziri wake wa ardhi. Jirani yetu muuza vitambaa alisema hiyo ni zawadi kubwa kuliko unaibu, kwa sababu msiba wa Pwani ni ardhi: watu wamezaliwa shambani, wakazikwa shambani, na hati inakaa Nairobi kwa jina la mtu wasiyemjua. Hoja yake ina uzito. Ila waziri hutolewa kwa kalamu ya rais, asubuhi moja, bila kuulizwa mtu. Naibu wa rais hatolewi hivyo, na hapo ndipo nilipoanza kulitazama jambo hili kwa jicho jingine.

Zamani makamu alikuwa wa rais kumweka na kumwondoa. Saitoti aliachwa nje baada ya uchaguzi wa 1997, nchi ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila makamu, kisha Moi akamrudisha 1999 kwa kutangaza kando ya barabara huko Limuru. Katiba ya 2010 ilimaliza mambo hayo. Kifungu cha 148 kinamtaka kila mgombea urais ateue mtu mwenye sifa za kuwa rais, na kura moja inawachagua wote wawili. Mimi nalielewa kwa kazi yangu. Doti ni vipande viwili vilivyochapwa pamoja, rangi moja, jina moja. Mteja hawezi kuniambia nimuuzie kimoja kwa sababu cha pili hakumpendeza. Akinunua ameondoka navyo vyote.

Na uteuzi huo, ambao sote tunaununua, anaufanya mtu mmoja. Hakuna kura ya mchujo ya mgombea mwenza. Jopo lile la Wekesa lilikuwa la ushauri tu. Wala katiba yetu haisemi atoke wapi. Majirani zetu Watanzania wamefungwa zaidi: rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu sharti atoke upande wa pili. Kwa hiyo wao wanapokisia, nusu ya kazi imeshafanywa na katiba.

Shangazi yangu anaishi Tanga. Julai 2015, CCM ilipokuwa Dodoma ikichagua mgombea, alikuwa akinipigia simu mara tatu kwa siku. Lowassa amekatwa. Wamebaki watatu, Magufuli na wanawake wawili, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Magufuli amepita. Alinieleza yote hayo kwa pumzi moja, akakata simu. Kisha akapiga tena baada ya robo saa, kama mtu aliyesahau mfuko dukani, akasema: "Na mwenza wake ni yule Samia wa Bunge la Katiba." Tukasema mashallah, mwanamke, Mzanzibari, vizuri. Hatukuzidisha neno. Hakuna aliyekaa akajiuliza mama huyu akiachiwa nchi ataiongozaje. Tarehe 17 Machi 2021 ikatangazwa kwamba Magufuli amefariki, na siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan aliapishwa. Usiku ule shangazi alinipigia tukakaa kimya kwenye simu, tukisikilizana tu tunavyopumua.

Tangu hapo siwezi tena kukisia mgombea mwenza kama mchezo wa bao. Kwetu pia kifungu cha 146 kinasema hivyohivyo: kiti cha rais kikibaki wazi, naibu anakikalia hadi muhula uishe. Katoni ya mjomba ilikuwa na safu ya kura peke yake. Safu ya pili haikuwepo.

Narudi kwenye hesabu ya 2022, kwa sababu ndiyo inayonifanya niandike leo. Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Karua aliletwa kuvuta Mlima, na Mlima haukuvutika. Hata Kirinyaga kwao Ruto alishinda kwa mbali. Simlaumu mama yule, alizunguka nchi akifanya kazi yake kwa heshima. Lakini tazama Mombasa. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya laki sita, na waliokwenda kupiga kura hawakufika nusu. Walibaki nyumbani watu wengi kuliko tofauti ile.

Sisemi wote hao wangempa Raila. Wala sisemi sababu ilikuwa moja. Kura ya ugavana wa Mombasa iliahirishwa siku moja tu kabla ya uchaguzi kwa sababu karatasi zilichanganywa, na wapo waliosema kwa nini nipange foleni mara mbili. Lakini nilikuwa hapa mtaani. Niliwasikia vijana wa maskani ya nyuma yetu, wale waliokuwa wakiingia dukani kutazama katoni kila jioni, wanasema baada ya Mei 16 kwamba mambo ya wakubwa wamewaachia wakubwa. Agosti 9 niliamka alfajiri nikaenda kwenye foleni, niliporudi saa nne niliwakuta wamekaa palepale, vidole havina wino. Hizo ndizo kura mjomba alizoziita za kibindoni. Kibindo kilikuwa kimetoboka na hakuna aliyekishika kuangalia.

Hili ndilo ningependa wapanga mikakati walisikie kutoka kwa muuza leso. Eneo linalokupenda nalo lina moyo, na ukilichukulia kuwa limekwisha kupatikana, halitakwenda kwa mpinzani wako. Litalala.

Yaliyomkuta Gachagua mnayajua. Akiwa naibu wa rais alizoea kuifananisha serikali na kampuni yenye hisa, na sisi wa Pwani tulikuwa tukiulizana hisa zetu ziko daftari gani. Wabunge 281 wakapiga kura ya kumwondoa Oktoba 8, 2024, Seneti ikakamilisha Oktoba 17, na kesho yake jina lililopelekwa bungeni lilikuwa la nani? Kindiki. Yuleyule wa juu ya katoni. Mjomba alikuja dukani siku ile akiwa amevaa kanzu, akamwonyesha kila mteja jina alilokuwa ameliandika miaka miwili na nusu nyuma. Nilimwacha afurahi. Ila nafikiri nchi ililipa gharama kubwa kurudi kwenye jina lililokuwa mezani tangu mwanzo.

Sasa uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na tetesi zimeanza. Raila hayupo tena. Alituacha Oktoba 2025, na Mombasa ilimlilia kama mtu wa nyumba moja nasi. Joho ni waziri wa madini na uchumi wa buluu katika serikali ya Ruto, na hapa mtaani jina lake linatajwa upya, safari hii upande wa pili wa katoni. Kalonzo, aliyekuwa mgombea mwenza wa Raila mara mbili, 2013 na 2017, anautaka urais mwenyewe.

Nami nakisia hivi. Ruto hatatamka jina mapema. Atamweka Kindiki karibu na kumsifu, lakini mlango atauacha wazi hadi wiki ya mwisho, kwa sababu kiti kisichotajwa mwenyewe kinawaweka wengi mezani kwa matumaini. Siku kinapotajwa, wengine huchukua kofia zao. Kalonzo alifanya hivyo Mei 16 ile ile, akatangaza anawania urais kivyake, ingawa alirudi baadaye. Mwisho wa yote naona Ruto atabaki na mtu wa Mlima, maana huko ndiko kulikovuja. Kalonzo naye, akipata tiketi, atautazama Mlima huohuo. Kwa hiyo Pwani tutaambiwa tena tusubiri, na nitasikitika tena, na safari hii sitanyamaza nikapange doti.

Juzi mjomba aliitoa katoni nyuma ya mlango. Aliigeuza upande safi, akachora mistari, akaandika majina. Amezeeka, mkono unatetemeka kidogo, lakini tarakimu zake bado zimenyooka. Nilimwomba chaki, nikaongeza safu upande wa kulia kabisa. Juu yake niliandika: *akibaki peke yake.*

Akaitazama kwa muda mrefu. Akaweka chaki kwenye jina la kwanza, akaiondoa. Akaniuliza, "Hapa tunaweka nini, tarakimu au neno?"

Nikamwambia neno. Bado anafikiri.