Kikombe kimevunjika

Mimi nimekulia Kongwa, kwetu ukivunja kitu unajua leo ni fimbo, tena unatumwa ukaikate mwenyewe. Juzi hapa Nkuhungu mwanangu kadondosha kikombe, akajikunja pembeni ya kochi kabla sijasema neno, aisee moyo uliniuma, maana kule kujikunja nakujua, ndivyo nilivyokuwa mimi, na mwaka jana nilishamchapa kwa hasira. Nikamwambia njoo tufagie wote mama. Siku hizi nikipandwa na hasira natoka nje kwanza, nakunywa maji, narudi nimepoa. Nikikosea namwomba msamaha, kitu ambacho kwetu sikuwahi kukisikia mtu mzima akimwambia mtoto. Usiku tulikula ugali wa uwele na mlenda, akanisimulia mambo ya shule mpaka akasinzia begani kwangu.