Siku moja ya mwinjilisti wa mtaa

Watu hudhani mwinjilisti hufanya kazi Jumapili tu, tena asubuhi. Mimi ni mwinjilisti wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku migombani Kilimanjaro. Mchungaji ana mitaa kadhaa, yaani makanisa madogo ya usharika mmoja, hivyo huja kwetu kwa Meza ya Bwana na ubatizo. Wagonjwa, misiba, jumuiya na ugomvi wa kwaya vinabaki kwangu.

Saa 11 alfajiri. Maombi, chai, ng'ombe.

Saa 2. Namsomea Zaburi ya 121 bibi mmoja asiyetoka kitandani. Nikikosea neno ananisahihisha. Biblia ya Muungano ya 1952 anayo kichwani, mimi ninayo mkononi.

Saa 5 niko msibani. Kijana wa bodaboda, ajali. Ibada imepangwa saa 7, na kabla sijaketi baba yake mkubwa ananivuta pembeni.

"Mwinjilisti, leo uwaseme hawa vijana. Pombe inawamaliza."

"Shikamoo baba. Marehemu alikuwa amekunywa?"

"Hapana. Lakini uwaseme."

Ombi hili nalipata karibu kila msiba. Ukoo una neno ulilolimeza miaka mingi, na unataka litokee mdomoni mwangu, mbele ya jeneza. Nikamwambia, "Baba, mama mzazi atakuwa amekaa hapo mbele." Akanuna.

Saa 7 gari la maiti halijafika. Saa 8 limefika. Ukasomwa wasifu, zikaja salamu: ukoo, wenzake wa kijiweni, kikoba cha mama. Mwanasiasa mmoja akatoa pole kwa sentensi moja, kisha akatueleza habari za barabara mpaka mawingu yakashuka. Msoma ratiba akaninong'oneza, "Mtumishi, muda umetutupa. Dakika tano."

Dakika tano! Barabara ilipewa robo saa, ufufuo upewe dakika tano. Nilikasirika, nakiri, na hasira haifai kupanda nayo mimbarani. Nikaacha karatasi niliyoandaa, nikafungua Yohana 11. Yesu anajua atamfufua Lazaro, ameshamwambia Martha, na bado anapofika kwa Mariamu analia. Nikamwambia yule mama: usikubali mtu akwambie machozi yako ni upungufu wa imani. Paulo anapowaandikia Wathesalonike kuhusu waliolala, hawakatazi kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Basi. Sikumsema kijana yeyote. Wale wa bodaboda, waliokuwa wamesimama nje ya turubai wakiwa tayari kutukanwa, walisogea ndani.

Baba mkubwa hakunipa mkono.

Kaburini mvua. Udongo wa mgombani ukilowa unavuta kiatu. Sijui nilifika nyumbani saa ngapi. Najua nilibadilisha soksi nikatoka tena, maana kulikuwa na jumuiya, ibada ya majirani.

Hapo nilikuwa nimekwisha kabisa. Hubiri la kutia moyo linamtaka mhubiri mwenye moyo, na wangu niliuacha kwenye matope. Nikasoma 1 Wafalme 19, Eliya chini ya mretemu akiomba afe, kisha nikawaambia, "Leo semeni ninyi."

Kimya. Mzee mmoja akasema Eliya alikosa imani. Mwingine akasema tatizo ni Yezebeli, malkia aliyetaka kumwua Eliya, na hapo tukapotea kidogo, kwa sababu kila mtu alikuwa na Yezebeli wake wa kumtaja.

Ndipo mama mmoja anayeuza ndizi sokoni akasema, "Lakini malaika hakumkemea. Amemkuta amelala, akampa mkate wa kwenye makaa na maji. Akamwacha alale tena, akampa tena. Maneno mengi yalikuja baadaye, kule mlima Horebu, Mungu aliposema naye."

Miaka yote hii nalihubiri somo hilo kuanzia Horebu, kwenye ile sauti ndogo ya utulivu. Mkate nilikuwa naupita mbio.

Nimeyaandika maneno yake pembeni ya ukurasa. Jumapili nitayahubiri, na nitasema ni ya nani.