Nani anauliza?

Tangu Jumapili nina neno la Mama Mkubwa kichwani na halitaki kutoka. Nikichapa barua za watu dukani lipo, nikikoroga uji wa Faraja lipo. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: Baba Faraja kaletewa barua ya uhamisho wa Singida, wifi kajifungua salama mtoto wa kike, na mashine kubwa ya fotokopi imezima tena katikati ya kazi za mitihani. Hayo yote yamepita. Neno la Mama Mkubwa limebaki.

Mnajua binti yake wa Dodoma alimletea simu mpya Idi iliyopita, pamoja na ile kompyuta mpakato aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Kuanzia hapo Jumapili zangu ni za Ngamiani, barazani kwake. WhatsApp tulishaimaliza. Safari hii alitaka Facebook, kwa sababu moja tu: kumtafuta mwenzake waliyesoma naye ukunga. Tukafungua akaunti. Akaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, na nywila akaitunga mwenyewe mimi nimegeuzia uso barabarani. Ukurasa ukafunguka, na pale juu kisanduku kikamuuliza anawaza nini.

Akanitazama juu ya miwani.

"Nani anauliza?"

"Ni programu yenyewe, Mama Mkubwa. Inamuuliza kila mtu."

"Kila mtu?"

"Kila anayeingia."

Akaisogeza simu mbali kidogo, akasoma tena. "Basi haina haja na jibu langu, mwanangu. Anayemuuliza kila mtu hasubiri jibu la mtu. Haya, tumtafute mwenzangu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Kabla hajaniuliza, niliona kidole gumba chake kimesimama juu ya kile kisanduku na midomo inapanga maneno. Alikuwa na jibu. Tangu tumzike Baba Mkubwa, wageni walikuja mpaka arobaini ikapita, kisha mlango ukatulia. Sasa kimetokea kitu kinamuuliza mjane anawaza nini, na alitaka kukijibu kwa adabu, jinsi anavyomjibu yeyote anayebisha hodi. Ningemjibu nini kingine? Nilimwambia ukweli. Ila nimeuchambua ule "kila mtu?" wake usiku na mchana, jinsi sauti ilivyoshuka mwishoni, na jinsi alivyoifuta skrini kwa upande wa khanga kabla ya kuendelea.

Facebook ilianza mwaka 2004 kwa wanafunzi wa Harvard tu. Ukiandika jambo, uliwajua watakaolisoma, mlikuwa mnakutana nao darasani na mezani. Mwaka 2006 ikafunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 13 na kuendelea, na mwaka 2009 ikaja kwa Kiswahili. Mlango ukapanuka, na anayeingia leo haonyeshwi kwanza nani yumo ndani. Vijana wanaokuja dukani kuwafungulia wazee wao akaunti wanawafundisha vitufe: bonyeza hapa, telezesha pale, weka picha. Halafu wananyang'anya simu. "Lete nikufanyie." Mzee anarudi nyumbani na akaunti asiyojua nani anaiona.

Mimi huanzia kwenye alama ndogo iliyo karibu na jina lako unapoandika. Ukiona tufe la dunia, maana yake yeyote anasoma. Ukiona vichwa vya watu, ni marafiki uliowakubali. Kufuli ni wewe peke yako. Nikamwonyesha Mama Mkubwa, akaigusa mwenyewe, akabadilisha dunia kuwa marafiki, akaniambia nisubiri, akabadilisha tena kuwa kufuli. Kisha akaandika kitu, polepole, kwa kidole kimoja. Sikuchungulia. Simjui mwingine aliyeanza Facebook kwa kuandika jambo la kusomwa na yeye mwenyewe tu.

Jumatano jioni nikapita tena, safari hii kwa ajili ya kompyuta. Anamwandikia mwenyekiti wa mtaa kuhusu mtaro ulioziba, na alitaka barua ichapwe na yeye, isichapwe na mimi. Ameshafika aya ya pili, mkono ukagusa vitufe viwili visivyotakiwa, maandishi yote yakawa na kivuli cha buluu, akabonyeza kingine, ukurasa ukawa mweupe. Mama Mkubwa ametoa watoto matumboni gizani kwa taa ya chemli, lakini pale mikono ilimtetemeka.

Nikamwambia ashike kitufe cha Ctrl, asikiachie, kisha agonge Z mara moja.

Barua ikarudi. Yote, mpaka koma.

Akakaa kimya. Kisha akafanya nisilolitegemea: akaifuta tena kwa makusudi. Ctrl na A kuichagua yote, kitufe cha kufuta, ukurasa mweupe. Ctrl na Z. Ikarudi. Akafanya hivyo mara kadhaa huku akitabasamu, halafu akasema, "Wodini ningepewa hiki."

Nimecheka mpaka machozi, na yeye kacheka. Tangu dakika ile anachapa bila kuniangalia usoni. Nalisema kwa moyo wote: mtu mzima anayeanza kompyuta afundishwe kutengua kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto anajifunza haraka kwa sababu haogopi kuharibu. Mtu mzima kaambiwa kifaa ni cha bei ghali, kwa hiyo anagusa kwa ncha ya ukucha. Ukishamwonyesha kwamba karibu kila neno aliloliharibu linarudishika, bega linashuka. Baada ya hapo mwonyeshe majirani wa Z, wamepangana palepale chini kushoto: X kukata, C kunakili, V kubandika, vyote kwa Ctrl. Na Ctrl na S ya kuhifadhi kila baada ya aya, maana umeme ukikatika na betri ya mpakato imechoka, Z haikusaidii.

Nilimweleza kwamba kunakili na kubandika kulibuniwa na Larry Tesler na wenzake kwenye maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970. Swali lake la kwanza lilikuwa kama yu hai. Nikamwambia amefariki mwaka 2020. "Mungu amlipe wema," akasema, na akaendelea kuchapa. Kwake kila kitu kina mtu nyuma yake, na anataka kumjua huyo mtu.

Tabia hiyo ikamlinda Ijumaa. Ikamwingilia meseji ya WhatsApp kutoka namba ya jirani wa zamani, yenye picha ya jirani mwenyewe: shikamoo mama, kuna tarakimu sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, naomba unitumie haraka. Kweli meseji ya tarakimu sita ilikuwa imeingia. Mama Mkubwa hakuandika kitu. Akabonyeza kipaza sauti, akatuma sauti yake: "Nani anauliza?" Kimya. Akapiga simu ya kawaida kwa mke wa jirani, akaambiwa akaunti ya mzee imetekwa tangu asubuhi.

Nilipomsikia akinisimulia, yale maumivu ya Jumapili yakalegea. Swali ni lilelile, kwa sauti ileile, na safari hii ndilo lililofunga mlango. Tarakimu zile ndizo WhatsApp inazotuma kuthibitisha namba. Ukimpa mtu, anaingia kwa jina lako na kuanza kuwaomba hela ndugu zako. Hapa nyumbani tushazoea zile meseji za ile hela tuma kwenye namba hii, na hizo unazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Hii ya tarakimu inakuja na picha ya mtu unayempenda, kwa hiyo inauma zaidi. Jioni tukaingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, tukaweka uthibitishaji wa hatua mbili: namba ya siri ya tarakimu sita anayoijua yeye tu, ambayo mwizi ataombwa hata kama amezipata zile tarakimu za meseji. Tukazuia pia wasiomjua wasimwingize kwenye makundi, na tukazima upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe, maana bando lake la wiki lilikuwa linaisha Jumanne na alidhani kampuni inamwibia.

Mwenzake wa ukunga hatujampata kwa hakika. Kuna akaunti yenye jina lake, picha ni ua la waridi, na marafiki wa pamoja hakuna. Mama Mkubwa amekataa kuomba urafiki. Amemwandikia ujumbe akimtaja mwalimu wao mkali na jina walilompa kwa siri. Kama ni yeye, atajibu. Mpaka leo ujumbe haujasomwa.

Na sasa, nikiwa naandika haya, Baba Faraja ametoka uani kuniambia maji ya kisima yamebadilika rangi. Jirani wa nyuma alichimba shimo la choo upande ule mwezi uliopita, na mvua za vuli zimeanza. Nimeyatia kwenye glasi nyeupe nikayaona mwenyewe, yana unjano. Faraja aliyanywa mchana kabla hayajachemshwa. Kesho kabla ya duka napita kwa afisa afya wa kata, na leo usiku nitaamka kumpima joto.